Orodha ya Likizo Ndefu: Miezi Saba Baada ya Kidato cha Nne

Tarehe 2 Desemba 2023, siku chache baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne, niliketi barazani kwa bibi yangu hapa Ngamiani, Tanga, nikafungua daftari jipya na kuandika juu ya ukurasa wa kwanza: Mambo nitakayoyafanya kabla ya kidato cha tano. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na mbele yangu kulikuwa na miezi saba mitupu. Kila aliyesoma Tanzania anaijua likizo hiyo: mtihani hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, lakini masomo ya kidato cha tano huanza Julai, na katikati hapo kijana hukaa nyumbani akiwa si mwanafunzi tena wala si mfanyakazi, akitumwa dukani mara tano kwa siku na kulala mchana kwa sababu hakuna la kumwamsha. Binamu yangu aliyenitangulia miaka miwili aliniambia kwamba miezi ile ilimpita bila yeye kujua ilipokwenda, na maneno yake yalinitia hofu kuliko mtihani wenyewe.

Siku ile niliandika mambo ishirini na mawili. Ukurasa ulipojaa niliona fahari, kana kwamba kuandika ni nusu ya kutenda. Ila zaidi ya nusu ya mambo hayo nilikuwa nimeyaokota katika video za vijana wa Marekani na Uingereza: kuona theluji, kuruka kwa parachuti, kulala katika hema msituni, kuhudhuria tamasha kubwa la muziki, kupata leseni ya udereva, ingawa sheria yetu inataka dereva wa gari awe ametimiza miaka kumi na minane. Wenzetu wa huko wana desturi ya kuandika orodha za namna hiyo shule zinapofungwa katikati ya mwaka, kwa kuwa majira yao ya joto ni mafupi na jua kwao ni jambo la kukimbiliwa kabla halijaondoka. Hapa kwetu jua halina uadimu wowote. Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi unavuma, mji wote unatokwa na jasho, na mtu mwenye busara hutafuta kivuli. Kilicho adimu kwa kijana wa hapa ni muda ambao haujapangwa na shule, na sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo nilipokuwa nikinakili theluji ya watu.

Jioni ile bibi alinikuta bado nimelikumbatia daftari, akaniuliza ninaandika nini. Nilimsomea orodha yote tangu namba ya kwanza hadi ya ishirini na mbili. Alisikiliza bila kunikatiza, akiwa anachambua mchele katika ungo, na nilipomaliza alinyanyua macho akasema, "Vizuri, mke mwenzangu. Na mimi umeniandika namba ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipoitazama tena orodha yangu niliona kwamba hakuna mtu yeyote ndani yake: si bibi, si mama, si rafiki hata mmoja. Wala hakukuwa na siku. Yalikuwa mambo ishirini na mawili yanayoelea hewani, bila mtu wa kuyafanya naye na bila tarehe ya kuyaanza. Usiku huo nilipindua ukurasa na kuandika upya, safari hii mambo tisa tu, na mbele ya kila jambo nilichora mistari miwili nikaweka nafasi ya jina la mtu na nafasi ya siku. Baadhi ya nafasi hizo niliziacha wazi kwa kuwa sikujua nijaze nini. Nayaandika haya ninapojiandaa kwa likizo nyingine, nikiwa na daftari lile lile mbele yangu, na kitu kinachonishangaza hadi leo ni kwamba yale niliyoyajaza jina na siku yote yalifanyika, na yale yaliyobaki wazi hadi mwisho hayakufanyika hata moja.

Jambo la kwanza lilikuwa kupata shilingi 150,000 kwa mikono yangu, kwa sababu mengine yalihitaji nauli na sikutaka kumwomba mama. Jina nililoliandika ni la jirani yetu mwenye genge, aliyekubali niweke ndoo yangu ya barafu mbele ya genge lake kuanzia saa sita mchana. Nilitengeneza barafu za ubuyu na za ukwaju katika vifuko, nikiuza kila moja shilingi 200, na baada ya kutoa sukari, ubuyu na vifuko nilibakiwa na takriban shilingi 80. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Kwenye jokofu mambo yalikuwa mengine, kwani miezi ile nchi ilikuwa katika mgao wa umeme, na kuna siku nilifungua mlango nikakuta vifuko sabini vimelegea kama maji ya kunawia. Nilijifunza kugandisha kwa zamu: kufuatilia siku ambazo mtaa wetu ungekuwa na umeme usiku, kuzijaza rafu zote usiku huo, kuzifunga barafu katika magunia na maranda ya mbao niliyoyapata kwa fundi seremala, na kuziuza zote kesho yake bila kubakiza. Mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere ilipoanza kuzalisha umeme Februari 2024, na mgao ukapungua baadaye, nilikuwa nimekwisha kupata shilingi 131,000. Zilizobaki nilizipata kabla ya Ramadhani.

Jambo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu wapo wasichana wengi wa pwani wanaoishi nalo kimya kimya. Nimezaliwa Tanga, nimelala usiku wote wa maisha yangu nikiwa karibu na bahari, na sikujua kuogelea. Kaka zangu walijifunza wakiwa wadogo kwa kutoroka tu. Sisi wasichana tuliambiwa tusiende mbali, na hakuna aliyerudi kutuambia kwamba sasa tunaweza kwenda. Nafasi ya jina nilimwandika binamu yangu, yule aliyenitangulia shule, ambaye alifundishwa na marehemu baba yake. Nafasi ya siku niliandika kila Jumamosi asubuhi.

Jumamosi ya kwanza tulifika ufukwe wa Raskazone saa nne asubuhi tukakuta bahari haipo. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, mitumbwi imelala ubavu juu ya mchanga wenye mwani, na wanawake wawili wameinama wakitafuta chaza. Binamu yangu alicheka, kisha akanifundisha kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kuingia majini. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa mnamo saa kumi alasiri na kukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: bahari hujaa asubuhi mnamo saa nne, hujaa kidogo tu, na mkondo wake huwa mpole. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika hamsini kuliko jana yake. Kwa hiyo mtu anayejifunza hana Jumamosi. Ana siku nne au tano za maji mafu katika kila wiki mbili, na ni lazima azifuate zinapoangukia. Nilifuta Jumamosi katika daftari nikaandika "mwezi nusu", nikaanza kutazama angani kila usiku kama mvuvi.

Somo la kwanza halikuwa kuogelea, lilikuwa kulala. Binamu yangu aliweka kiganja chake chini ya mgongo wangu, katikati ya mabega, akaniambia nitazame juu na niyaache masikio yazame. Nilikuwa nimevaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, na kitambaa kilijaa maji kikawa kizito. Kila nilipohisi maji yanaingia masikioni nilikaza shingo, miguu ikashuka, nikasimama nikikohoa. Tulifanya hivyo labda mara arobaini katika siku tatu. Siku ya nne nilisikia sauti ya ajabu, mlio mdogo mdogo kama wa mchele unaomiminwa polepole katika sufuria, nikajua ni mchanga unaosukumwa na maji chini yangu, nikaanza kuusikiliza badala ya kuiogopa bahari. Nilipomwuliza binamu yangu kama bado amenishika, alijibu akiwa mbali, karibu na ngazi.

Aprili hatukwenda mara nyingi kwa sababu ya mvua za masika, na mwanzoni mwa Mei 2024 ilipotolewa tahadhari ya Kimbunga Hidaya tulikaa ndani kabisa. Kimbunga kile kiliingia Mafia, mbali kusini mwetu, na sisi tukabaki tukilitazama wingu na kuwaombea waliokuwa baharini. Sikuhesabu majuma hayo kuwa ni hasara, maana orodha yoyote inayohusu bahari ni lazima iiachie bahari nayo nafasi ya kuamua.

Katika nafasi mbili nilizokuwa nimeziacha wazi nilimwandika bibi, na nilipomwonyesha alilisoma jina lake mwenyewe kwa kidole. Moja ilikuwa kupika mkate wa kumimina bila kusimamiwa, nyingine ilikuwa kumrekodi akieleza habari za babu. Zote mbili tuliziweka Ramadhani, iliyoingia katikati ya Machi, mkate kabla ya futari na simulizi baada ya tarawehe.

Mkate wa kumimina unaonekana mwepesi kwa anayekula. Mchele unalowekwa tangu usiku, unasagwa na tui zito, iliki na hamira hadi uwe laini kabisa, kisha unaachwa uumuke. Sukari huingia baada ya kuumuka, na hapo hapo unamimina katika sufuria iliyokwisha kupata moto na mafuta. Mkate wangu wa kwanza ulilala. Juu ulikuwa na rangi nzuri ya dhahabu, lakini nilipoukata nilikuta chini umekaza kama ugali wa jana, kwa kuwa niliuacha uumuke hadi ukapita, nikiwa nimekaa na simu. Wa pili niliufunua kila dakika nione kama umeiva. Bibi hakusema neno siku zote mbili; alikula kipande chake na maharage ya nazi, akashukuru. Siku ya tatu aliniita karibu na sufuria akaniambia niache kutazama na nisikilize. Unga ulioumuka sawasawa unatoa mlio mwembamba wa mapovu yanayopasuka, na mlio huo ukianza kupungua ndipo wakati wa kutia sukari na kumimina. Kwenye moto pia, vitundu vya juu vinapokauka na sauti ya chini inapobadilika, unaipindua sufuria juu ya makaa ili uso upate moto. Mkate wa tano ulijaa vitundu toka juu hadi chini, na bibi akaupeleka nusu msikitini kwa wanaofuturu huko, jambo ambalo asingelifanya kama angekuwa na shaka nao.

Habari za babu nilizirekodi katika simu usiku kumi na moja, dakika ishirini hadi arobaini kila usiku, kisha kesho yake nikiandika katika daftari yale niliyoyasikia. Nilijua tu kwamba babu hakuwa mtu wa Tanga. Sikujua kwamba alikuja akiwa kijana wa umri kama wangu, kutoka Kigoma, akiwa manamba, yaani mmoja wa maelfu ya vibarua walioletwa kukata mkonge katika mashamba ya mkoa huu, na kwamba neno hilo lilitokana na namba walizopewa. Bibi alinieleza kuhusu kipande, kadi ya siku thelathini za kazi ambayo mtu hakulipwa mshahara wake mpaka ajaze siku zote, na jinsi ambavyo mzigo mmoja wa mkonge ulihesabiwa majani thelathini, na jinsi miiba ya ncha za majani ilivyomwachia babu makovu katika mapaja ambayo sisi wajukuu tulidhani ni ya ugonjwa. Mkonge wenyewe, nilivyokuja kusoma baadaye katika Maktaba ya Mkoa, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida ni miche sitini na miwili tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani. Nililia usiku ule nilipoiandika namba hiyo, sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu miche sitini na miwili ndiyo iliyomvuta babu yangu kutoka upande wa pili wa nchi.

Mapango ya Amboni tulikwenda Februari kwa baiskeli, wasichana watatu na kaka wa mmoja wetu, kilomita nane kutoka mjini kwa barabara iendayo Horohoro. Tuliambaa na kuta za chokaa nyuma ya taa ya kiongozi, popo wakipita juu ya vichwa, akitueleza habari za Osale Otango aliyejificha humo serikali ya kikoloni ilipomsaka miaka ya 1950. Ilikuwa siku njema, na haina mengi ya kusimuliwa zaidi ya hayo.

Safari ya Lushoto ndiyo iliyomeza fedha zangu za barafu, na sijutii hata senti moja. Nafasi ya jina nilimwandika mama mdogo, anayeishi huko, na siku tuliyopatana ilikuwa wiki ya pili ya Juni, mvua zikiwa zimekwisha na mawingu yamepanda. Basi lilipita Muheza na Korogwe, na lilipoiacha barabara kuu pale Mombo likaanza kupanda, masikio yangu yakaziba, na kilomita thelathini na kitu za kona zikatufikisha mahali ambapo watu walivaa masweta saa sita mchana. Kesho yake tulitembea kwa miguu hadi Irente, mwendo wa zaidi ya saa moja. Huko mwamba unakatika ghafla, na chini kabisa, kama mita elfu moja, kuna tambarare inayokwenda mpaka macho yanachoka.

Mama mdogo alidhani nimenyamaza kwa ajili ya kizunguzungu. Mimi nilikuwa nimeiona mistari. Chini kule, upande wa Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari iliyonyooka kama nywele zilizochanwa, na kutoka juu huwezi kuona jani moja wala mtu mmoja. Nilitoa simu nikamsikilizisha mama mdogo sauti ya mama yake akihesabu mizigo ya majani thelathini thelathini, naye akaketi juu ya jiwe, akasema kwamba baba yake hakuwahi kumweleza yeye hata neno moja la hayo. Tulikaa pale mpaka baridi ikatuondoa. Katika mambo tisa ya daftari langu, hilo la kusikiliza sauti ya bibi juu ya Irente halikuwamo, na kama nisingeandika yale mengine lisingewezekana.

Mambo mawili hayakufanyika. Nilitaka kusoma vitabu kumi na viwili, nikasoma vitano. Na nilitaka kwenda Unguja, nisiende. Kwa Unguja sikupata mtu, na kwa vitabu sikuweka siku, nikijiambia kwamba kusoma ni kazi ya mtu peke yake na inaweza kufanyika wakati wowote. Laiti ningepatana na rafiki tukutane maktaba kila Jumatano, naamini ningevimaliza. Rafiki huyo nimekwisha kumpata kwa likizo hii.

Uchaguzi wa kidato cha tano ulipotangazwa mwishoni mwa Mei, nilipangiwa shule ya bweni katika mkoa usio na bahari, na ghafla hesabu ya maji mafu ikawa fupi. Lengo langu la kuogelea nilikuwa nimeliandika kwa maneno yanayoweza kuthibitishwa: kutoka kwenye ngazi za Raskazone hadi kwenye dau lililotia nanga, kugusa ubavu wake, na kurudi bila kupumzika. Mwezi mpevu ulipita tarehe 22 Juni. Nilingoja wiki moja. Jumamosi ya tarehe 29, siku mbili kabla ya kupanda basi la kwenda shule, tulishuka asubuhi kabla kusi haijaanza kuchafua maji, mimi na binamu yangu, na nyuma yetu bibi aliyesisitiza kuja ingawa magoti yanamsumbua.

Nilikwenda polepole. Katikati ya njia nilimeza maji, nikageuka chali, nikaacha masikio yazame mpaka nikausikia ule mchanga, kisha nikageuka tena nikaendelea. Ubavu wa dau ulikuwa mtelezi na wa baridi kuliko nilivyotazamia. Niliugusa kwa kiganja kizima ili binamu yangu aone.

Nilipotoka majini bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, khanga yangu kavu imekunjwa mapajani mwake. Alinifunika mabega, akanifuta uso kwa pindo lake, kisha akaniuliza ile ilikuwa namba ngapi.

Nikamwambia, "Namba tatu, bibi."